Kengele ya Moyo na Hitilafu Zinazorithiwa

Katika likizo ya mwisho wa mwaka nilihudhuria mazishi nyumbani kwetu Mbuji. Marehemu alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, kijana wa miaka 14, mwenye nguvu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akiugua zaidi ya homa za kawaida. Jioni moja alishindana na wenzake kupanda mlima mbio. Alipokaribia kileleni alianguka kimya, wala hakuamka tena. Dada yake naye alikuwa amefariki miaka mitatu kabla yake. Alikuwa akioga mtoni na wenzake, na watu wakasema kwamba amezama, ingawa maji yale yalimfika kifuani tu.

Matangani minong'ono ilianza. Bibi yetu mzaa baba amekwisha kupita miaka 80, na bado hulima ngolo zake kwa mkono wake mwenyewe. Watu walisema, "Mbona yeye haanguki? Miaka ya wajukuu zake inakwenda wapi?" Tangu siku ile hakuna mtoto aliyetumwa kwake hata kuomba moto.

Sisemi kwamba najua kilichowaua ndugu zangu, kwa kuwa hawakupimwa. Lakini niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Biolojia habari hizi, naye akanipa vitabu nisome. Nimeona kwamba yako maradhi ya moyo ambayo huua vijana wenye afya kwa namna hiyo hiyo, na ambayo hupita katika ukoo kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Tena mengi yana dawa, mradi yajulikane mapema. Kwa hiyo nimeona yafaa kuwaeleza wenzangu.

MOYO HUPIGAJE?

Watu wengi hudhani kwamba moyo hupiga kwa kuwa ubongo umeuamuru. Sivyo. Ubongo huweza kuuharakisha au kuupunguza mwendo, lakini amri ya kupiga hutoka moyoni mwenyewe. Aliyewahi kupasua chura katika maabara ameona moyo wake ukiendelea kupiga kwa kitambo hata baada ya kutengwa na mwili. Moyo una umeme wake.

Tuchukue mfano wa shule. Asubuhi kiranja wa kengele hugonga kengele, wanafunzi hutoka mabwenini, hufika mlangoni pa bwalo, hapo kiranja wa zamu huwazuia kidogo mpaka meza ziwe tayari, kisha huwaruhusu kuingia. Moyo nao ni hivyo hivyo. Juu kabisa, katika ukuta wa chumba cha kulia cha juu, kipo kifundo kidogo cha chembe hai. Hicho ndicho kiranja wa kengele. Mtu mzima akiwa ametulia, kifundo hiki hugonga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kila kigongapo, umeme huenea katika vyumba viwili vya juu, navyo hujikaza na kusukuma damu kwenda vyumba vya chini.

Kati ya vyumba vya juu na vya chini upo ukuta usiopitisha umeme, ila mahali pamoja tu. Hapo pana kifundo cha pili, kiranja wa zamu. Yeye huuzuia umeme kwa muda wa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ili vyumba vya chini vijae damu kwanza. Kisha umeme hupita katika fungu la nyuzi ambalo hugawanyika matawi mawili, la kulia na la kushoto, na mwisho hutawanyika katika nyuzi nyembamba zinazofika kila upande wa vyumba vya chini. Navyo hujikaza kwa pamoja na kusukuma damu mapafuni na mwilini kote.

Jambo la ajabu ni kwamba wataalamu waliigundua njia hii kuanzia mwisho wake kwenda mwanzo. Nyuzi nyembamba za mwisho zilielezwa na Jan Purkinje mwaka 1839. Fungu kubwa lilielezwa na Wilhelm His mwaka 1893. Kifundo cha pili kilielezwa mwaka 1906 na Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akisoma Ujerumani. Kengele yenyewe ilionekana mwisho, mwaka 1907, na Waingereza Arthur Keith na Martin Flack.

Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja. Kazi yote hiyo hutegemea umeme mdogo sana ufike mahali pake kwa wakati wake.

NJIA INAPOKATIKA

Hitilafu za umeme wa moyo ni nyingi, nami nitaeleza namna mbili tu. Ya kwanza ni njia kukatika. Kengele hugongwa sawasawa, lakini habari haifiki chini. Moyo hausimami mara moja, kwa kuwa vyumba vya chini vina kengele yao ya akiba. Lakini hiyo hugonga polepole mno, pengine mara 20 hadi 40 tu kwa dakika. Mtu huona kizunguzungu, huchoka upesi, huzirai, na asipotibiwa aweza kufa.

Watu wengi hupata hitilafu hii kwa uzee au kwa maradhi mengine. Lakini ziko koo ambamo hurithiwa. Mwaka 1977 madaktari Brink na Torrington wa Afrika Kusini walieleza habari za hitilafu hii katika koo za huko. Katika ukoo mmoja mkubwa wa Makaburu, tawi la kulia la njia ya umeme huziba kwanza, kisha baadaye njia yote huweza kukatika. Nasaba ya ukoo huo ilipofuatwa nyuma, ilifika kwa mtu mmoja aliyehamia nchi ile kutoka Ureno mwaka 1696. Yaani kwa muda wa karibu miaka 300 hitilafu ile ilikuwa ikipita kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto. Mwaka 2009 wataalamu waliitambua jeni yenyewe yenye kasoro, ambayo huitwa TRPM4.

Angalieni, ndugu zangu, kwamba jeni ilipatikana mwaka 2009, lakini ukoo ulitambulikana miaka mingi kabla. Kilichowafungulia madaktari mlango hakikuwa mashine kubwa. Kilikuwa ni kuuliza: nani alimzaa nani, na nani alianguka?

MILANGO YA CHUMVI

Namna ya pili ni ya siri zaidi. Hapa njia ni nzima, wala mtu akipasuliwa moyo wake hauonyeshi kasoro yoyote kwa macho. Kasoro imo katika milango midogo sana ya chembe za moyo.

Umeme wa moyo hauletwi na waya. Huletwa na chumvi zilizomo mwilini, yaani sodiamu, potasiamu na kalisi, ambazo huingia na kutoka katika kila chembe kwa milango maalumu. Sodiamu ikiingia, chembe huamka. Potasiamu ikitoka, chembe hutulia na kujiandaa kwa pigo lifuatalo. Jeni ndizo zinazotoa maagizo ya kutengeneza milango hiyo. Jeni ikiwa na kosa, mlango huweza kuwa mzito kufunguka au kuchelewa kufungwa. Basi chembe huchelewa kutulia. Pigo jingine likija kabla ya wakati, vyumba vya chini huchanganyikiwa, navyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde chache tu, mtu huanguka. Mara nyingi moyo hujirekebisha wenyewe, naye huamka. Usipojirekebisha, hufa katika dakika chache.

Kuchelewa huko huonekana katika kipimo cha umeme wa moyo, kijulikanacho hospitalini kwa herufi ECG. Kipimo hiki ni kazi ya Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Java mwaka 1860, ambaye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mashine yake ya kwanza ilihitaji watu watano kuiendesha; siku hizi yaweza kubebwa mkononi. Mgonjwa hulala kitandani, huwekewa vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, na mchoro wa mawimbi hutoka katika karatasi. Hakichomi wala hakiumi. Einthoven aliyapa mawimbi hayo herufi P, Q, R, S na T. Muda wa kutoka Q hadi mwisho wa T ndio muda wa vyumba vya chini kufanya kazi na kutulia. Muda huo ukizidi kiasi, madaktari huuita ugonjwa wa QT ndefu. Huko Italia walipimwa watoto wachanga zaidi ya 40,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba karibu mtoto mmoja katika kila 2,000 alizaliwa nao.

HABARI ZA WATOTO VIZIWI

Habari ya zamani ya ugonjwa huu inahusu shule. Mwaka 1856 daktari Meissner wa Ujerumani aliandika juu ya msichana kiziwi aliyeitwa mbele ya mkuu wa shule ili akaripiwe kwa kosa dogo. Alianguka papo hapo akafa. Wazazi walipoletewa habari hawakushangaa, kwa maana walikuwa wamekwisha kupoteza watoto wengine kwa njia hiyo, baada ya hofu au hasira kubwa.

Miaka 101 ilipita kabla ya jambo hili kueleweka. Mwaka 1957 madaktari wa Norway, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, walieleza habari za jamaa moja yenye watoto sita. Wanne kati yao walikuwa viziwi tangu kuzaliwa, nao walikuwa wakizirai mara kwa mara. Watatu walikufa ghafla. Kipimo kilionyesha QT ndefu. Sababu ya kuungana kwa mambo haya mawili ni kwamba mlango ule ule wa potasiamu unaohitajika moyoni huhitajika pia ndani ya sikio. Baadaye, Romano wa Italia mwaka 1963 na Ward wa Ireland mwaka 1964 walieleza ugonjwa kama huo kwa watu wanaosikia vizuri, na namna hii ndiyo inayopatikana kwa wingi zaidi.

Ugonjwa huu una vichocheo vyake. Kwa wengine ni mbio na hasa kuogelea. Kwa wengine ni mshtuko wa sauti ya ghafla, kama kengele inayowaamsha usingizini. Kwa wengine tena hatari huja wakiwa wamelala. Huku kwetu, katika pwani ya Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli na Lituhi, mwogeleaji hodari akizama maji yakiwa shwari, watu husema kwamba amevutwa na kitu cha majini. Wengi huzama kwa uchovu, kwa ulevi au kwa mawimbi. Lakini yapasa tujue kwamba wako ambao moyo huwazimikia majini.

UNAVYORITHIWA

Wanafunzi wa Kidato cha Nne wamekwisha kusoma habari za Mendel na njegere zake. Kila mtu ana jeni kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama. Katika ugonjwa wa QT ndefu wa watu wanaosikia, jeni moja mbovu yatosha. Mzazi aliye nayo humpa kila mtoto kwa bahati kama ya kurusha shilingi: kichwa au mwenge. Wala shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Mtoto wa kwanza akipata, haina maana kwamba wa pili amesalimika. Kwa wale watoto viziwi wa Norway, sharti jeni zote mbili ziwe mbovu, na kila mtoto wa wazazi wawili wenye jeni hiyo ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata.

Hapa pana jambo kubwa kuliko yote niliyosoma. Si kila mwenye jeni mbovu huanguka. Wako wanaoishi mpaka uzee bila kuzirai hata siku moja, na bado huwapa watoto na wajukuu. Basi mzee kuishi miaka 80 huku wajukuu zake wakifa si ushahidi wa uchawi. Katika ukoo wenye ugonjwa huu, ndivyo jeni yenyewe inavyokwenda.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, tusiite kila kuanguka kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa kweli wenye dawa zake, na mgonjwa asiache dawa kwa kusoma makala haya. Lakini mtu anayeanguka kwa sababu ya moyo aghalabu huanguka akiwa katika mbio, majini, au katika mshtuko, hupauka, huweza hata kutetemeka, kisha akiamka akili yake hurudi upesi. Wa kifafa mara nyingi hubaki amechanganyikiwa kwa muda. Aangukaye kwa namna ile ya kwanza apelekwe hospitali apimwe umeme wa moyo, hasa ikiwa katika ukoo yuko kijana mwingine aliyekufa ghafla.

Pili, akipatikana na ugonjwa, asikate tamaa. Kwa QT ndefu hupewa vidonge vya kuutuliza moyo, kama propranolol, vya kumezwa kila siku bila kukosa. Asishiriki mashindano mpaka daktari amruhusu, wala asiogelee peke yake. Amwambie kila mganga habari zake kabla ya kupewa dawa, kwa kuwa ziko dawa zinazoirefusha QT zaidi, kama kwinini na erithromaisini. Haina maana akatae kutibiwa malaria. Malaria huua, naye mganga atachagua dawa inayofaa.

Tatu, kwa njia iliyokatika, na kwa baadhi ya wenye QT ndefu, viko vyombo vinavyowekwa chini ya ngozi ya kifua. Watu hukiita chombo hicho betri ya moyo. Cha kwanza kiliwekwa Sweden tarehe 8 Oktoba 1958 na daktari Åke Senning, kwa kutumia chombo kilichotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Mgonjwa, Arne Larsson, ambaye njia yake ya umeme ilikatika baada ya maradhi mengine, aliishi mpaka mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 86, baada ya kubadilishiwa betri zaidi ya mara ishirini. Hapa kwetu Tanzania kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Toka Mbinga hadi huko ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, lakini zamani safari ilikuwa ya India.

Nne, kila mwanafunzi ajue la kufanya mwenzake akianguka. Ikiwa haitiki wala hapumui sawasawa, piga kelele upate msaada, piga magoti kando yake, weka viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu kiasi cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Tarehe 12 Juni 2021 mchezaji Christian Eriksen wa Denmark alianguka uwanjani mjini Copenhagen moyo ukiwa umesimama. Aliokolewa kwa mikono ya watu na kwa mashine ya kuushtua moyo, akawekewa chombo kifuani, na mwaka uliofuata akarudi kucheza mpira.

BIBI NA DAFTARI

Katika likizo fupi ya Aprili nilikwenda kwa bibi. Nilimwamkia, naye akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Wewe hukuogopa kuja?" Nikamjibu kwamba nimekuja kuuliza habari za ukoo. Nilikuwa na daftari. Aliniambia habari za ndugu wa babu aliyezama Mbamba Bay ingawa alikuwa mvuvi, habari za shangazi mmoja aliyeanguka siku ya harusi, na za mtoto aliyekufa usingizini kabla baba yangu hajazaliwa. Hakuna mwingine katika nyumba yetu aliyekuwa akizikumbuka habari hizo zote. Nilizichora kama tulivyofundishwa, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, nikatia weusi kwa walioanguka.

Jioni nilimwonyesha baba mdogo mchoro ule. Aliuangalia muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Na huyu?" akiweka kidole penye duara la binti yake aliyebaki, ambaye yuko darasa la tano. Nikamjibu kwamba hilo ndilo la kupima.

Tumekubaliana kwamba katika likizo ya Juni tutakwenda Songea, yeye na binti yake, baba yangu, nami pia, kwa kuwa mimi ni mjukuu wa bibi yule yule. Kipimo kikionyesha kasoro, tutatibiwa. Kisipoonyesha, mganga atatuambia la kufanya baadaye, maana kipimo kimoja pengine hakitoshi.

Wazee wetu wa Umatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo wa jamaa moja walikula pamoja jioni na kuzungumza mambo ya ukoo chini ya mkubwa wao. Naona mazungumzo ya namna hii yangefaa sana kufanyika mahali kama pale. Kijana akifa ghafla, kabla ya kumtafuta aliyemroga, tuwaulize wazee: ni nani mwingine katika ukoo wetu aliyeanguka hivi? Swali hilo halimfukuzi mtu nyumbani kwake, na laweza kumponya aliyebaki.

Nilipoondoka, binti wa baba mdogo alikuwa ametumwa kwa bibi kuomba moto.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne